Maiki Ilibaki Hewani

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwongozaji wa filamu za hali halisi. Nina miaka 29 na hii ndiyo filamu yangu ndefu ya kwanza. Kwa miezi 11 nimekuwa nikimrekodi mzee wa miaka 78, seremala mstaafu, anayemuuguza mkewe nyumbani. Mkewe ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Siku nyingine anamjua mumewe, siku nyingine anamuuliza ameingia nyumbani humo kwa ruhusa ya nani.

Mzee huyu namwita Babu, naye ananiita mjukuu. Alinikubali tangu siku ya kwanza, akatia saini fomu ya ridhaa bila hata kuvaa miwani. Shida ni kwamba kamera ikiwaka anageuka mtu mwingine. Anakaa wima, anafunga kifungo cha juu cha shati, anajibu kama aliyesimamishwa mbele ya hakimu. "Tunamshukuru Mungu." "Ndiyo maisha." Nikizima tu, maneno yanamiminika: jinsi walivyokutana, jinsi alivyojifunza kumsuka mkewe nywele baada ya mikono ya mkewe kusahau, jinsi wanavyocheka usiku kwa vitu visivyo na maana. Nikiwasha tena, mlango unafungwa. Nina saa 140 za picha, na nyingi ni za mzee anayekunja nguo.

Nilijipa moyo kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini mfadhili anataka nakala ya awali ya filamu ndani ya miezi 3. Rafiki yangu mpiga picha alinishauri nimuulize Babu kuhusu kifo cha mtoto wao wa kwanza. "Atalia tu," alisema, "hapo utapata filamu." Nikamuuliza. Hakulia. Alinyamaza, akaniomba radhi, akaenda kumwangalia Bibi chumbani na hakurudi kwa nusu saa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Wiki tatu zilizopita, jioni, nilikuwa nimeshazima kamera na ninakunja nyaya sebuleni. Nilisahau kumvua Babu maiki ya kifuani. Kinasa sauti kilikuwa bado kinarekodi na hedifoni zilikuwa shingoni mwangu. Nikasikia sauti ndogo inatoka humo. Nikazivaa. Babu alikuwa chumbani na Bibi, mlango umefungwa, anazungumza naye. Alizungumza dakika 6.

(Hapa nimeondoa mistari minane. Nitaeleza sababu. – Mshauri)

Mama, nililia nikiwa nimekaa sakafuni. Mhariri wangu amesikiliza na anasema huu ndio moyo wa filamu. Nilikuwa na picha ya mlango ule, mwanga ukipita chini yake. Tumeiweka chini ya sauti, na sijawahi kutengeneza kitu chenye nguvu kama hicho. Fomu aliyosaini inasema "picha na sauti zote zitakazorekodiwa katika kipindi cha utengenezaji", kwa hiyo kisheria niko salama. Babu hajui. Tangu siku hiyo nimekwenda kwake mara mbili na nimeshindwa kumtazama usoni.

Nimwambie, hata kama nitaipoteza filamu? Au ninyamaze hadi siku ya onyesho, maana naamini akiiona ataelewa nilichokuwa nataka kusema juu yake? Na je, miezi hii yote nilisubiri vibaya?

Mwenye Hedifoni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mistari niliyoiondoa. Uliyaandika maneno ya Babu yote, pamoja na mahali aliposita na mahali sauti ilipomkatika. Nimeyasoma mara moja, kisha nikayafuta kabla ya barua kutoka. Hakuyasema kwako, wala kwangu, wala kwa wasomaji wa safu hii. Aliyasema kwa mkewe, mlango ukiwa umefungwa. Tazama yalivyosafiri kwa wiki tatu: yametoka chumbani yakaingia kwenye hedifoni zako, yakafika kwa mhariri, yakaja kwangu. Tuko watu watatu tunaojua mzee yule analala na nini moyoni, na yeye hajui kwamba tunajua. Hukukusudia ubaya, hilo naliona. Hata hivyo ndivyo siri ya mtu inavyotembea, hata mikononi mwa wanaompenda.

La pili limenikosesha raha kuliko suala la maiki. Nilichosoma ni maneno ya mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake. Ulilia, nakuamini. Lakini tangu jioni ile swali lako limekuwa la filamu: itumike au isitumike, aambiwe au asiambiwe. Je, kuna mtoto wao yeyote anayejua kwamba baba yake amefika hapo? Kuna daktari au muuguzi anayempima Babu mwenyewe? Anayemuuguza mgonjwa wa kumbukumbu hulala vipande vipande kwa miaka, na mwili wake huanza kuvunjika polepole huku kila anayebisha hodi akimuulizia mgonjwa. Umekaa na watu hawa miezi 11. Yumkini hakuna mtu mwingine nje ya familia anayekifahamu kiwango cha uchovu huo. Basi kazi yako ya kwanza wiki hii haina uhusiano na kamera: tafuta nani anaweza kukaa na Bibi usiku mmoja au miwili ili mzee alale. Hata wewe. Umewahi kumshika Bibi mkono saa mbili nzima ili Babu aende akajinyooshe?

Kuna wenzetu watakuambia usiingilie, kwamba mrekodi wa hali halisi hutazama tu. Nimeisikia hoja hiyo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, na sijaona ikisimama mbele ya mgonjwa. Ulishaingilia siku ulipoingiza stendi ya kamera sebuleni mwao. Filamu ya Honeyland ya 2019, kutoka Macedonia Kaskazini, ilirekodiwa kwa miaka 3 kando ya mwanamke mfuga nyuki anayemuuguza mama yake mzee kitandani. Baadaye waliomrekodi walimsaidia kupata nyumba katika kijiji kingine. Sijasikia mtu akisema filamu ile imepungukiwa na ukweli kwa sababu hiyo.

Sasa swali lako. Mwambie.

Nenda bila begi. Usiwe na kamera hata garini. Chagua saa ambayo Bibi huwa amelala na Babu hana shughuli mikononi, kisha sema kwa ufupi: siku fulani nilisahau kukuvua maiki, nikasikia ulipokuwa ukizungumza na Bibi, sikuvua hedifoni kama ilivyonipasa, na sauti ipo. Useme pia kwamba mhariri amesikia. Hiyo sehemu utatamani kuiruka; usiiruke. Wala usianze kwa kumsifia jinsi maneno yake yalivyo mazuri, kwa sababu hapo utakuwa umeshaanza kumuuzia. Na jitahidi usilie kabla yake. Mzee wa namna uliyonieleza ataacha hasira yake akubembeleze, na utatoka pale umesamehewa kitu ambacho hakupata nafasi ya kukasirikia.

Mpe hedifoni akitaka kusikiliza, kisha utoke chumbani. Akisema hataki kusikia, usimlazimishe. Akisema futa, futa akikuona, na upige simu kwa mhariri hapo hapo, nakala yake nayo ifutwe. Asiposema lolote, usiombe uamuzi siku hiyo. Rudi baada ya wiki. Huenda akakuambia itumie. Huenda akakuambia itumie siku nikiwa sipo, au mpaka watoto wake waisikie kwanza. Au akakuonyesha mlango. Yote hayo ni majibu yake halali, na ujiandae kuishi na lolote kati yake kabla hujabisha hodi.

Kuhusu kunyamaza hadi siku ya onyesho, nikusimulie jambo langu. Miaka mingi iliyopita nilimrekodi mama mmoja na binti zake wawili. Nilikaa nao muda mrefu, tukazoeana kama ndugu. Siku moja, kamera ikiwaka na yeye akijua inawaka, aliniambia kwamba binti yake wa pili hakumtaka alipomzaa, na kwamba mapenzi yalikuja baadaye, taratibu, akaeleza yalivyokuja. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kurekodi. Fomu ilikuwa imesainiwa. Hakuna nilichoiba. Sikumwonyesha filamu kabla, kwa sababu nilitaka ashangae kwa furaha, na kwa sababu, nikisema kweli, niliogopa ataniomba nikate pale. Usiku wa onyesho yule binti, akiwa na miaka 15, alikuwa amekaa safu mbili mbele yangu. Sentensi ya kwanza ilipotoka alimgeukia mama yake. Nadhani hakuisikia ya pili, ile ya mapenzi. Mama alinisalimia kwa adabu mlangoni, akanishukuru, na baada ya hapo hakupokea simu yangu tena. Filamu ile ilisifiwa. Siionyeshi.

Katika ukumbi uliojaa watu, mtu aliye kwenye filamu hana namna ya kusema hapana. Anachoweza kufanya ni kutabasamu. Wewe ukiuona uso wake utasema ameelewa.

Fomu unayoitegemea sina ugomvi nayo; mfadhili na mwanasheria wataidai, na ni haki yao. Lakini soma tena sentensi yako: "bila hata kuvaa miwani". Uliiandika kama ushahidi wa imani aliyokuwa nayo kwako. Mimi naisoma kama ushahidi kwamba hakuisoma. Tena alisaini mwezi wa kwanza, kabla wewe na yeye hamjajua filamu hii itakuwa kitu gani. Ridhaa ya mwezi wa kwanza haiwezi kubeba mambo ya mwezi wa kumi na moja. Huombwa upya kila filamu inapobadilika, kwa maneno ya kawaida, mkiwa mmekaa: Babu, nilidhani narekodi maisha ya seremala, sasa naona narekodi ndoa yenu, je, bado uko nami?

Na sasa Bibi. Nimepekua barua yako nikitafuta sentensi moja inayosema yeye anataka nini, sikuiona. Yupo kila mahali: anauguzwa, anaangaliwa, anasukwa, anazungumziwa. Maneno yale ya chumbani yalikuwa mazungumzo ya watu wawili, na mmoja wao hawezi kusaini chochote. Frederick Wiseman alirekodi Titicut Follies ndani ya hospitali ya gereza ya wagonjwa wa akili huko Massachusetts, Marekani. Filamu ilitoka 1967, na mahakama za jimbo zikaizuia isionyeshwe kwa umma, hoja mojawapo ikiwa faragha ya wagonjwa ambao wengi hawakuwa na uwezo wa kukubali au kukataa. Zuio liliondolewa 1991. Wiseman alishikilia kwamba serikali ilikuwa inajificha nyuma ya wagonjwa ili aibu yake isionekane, na mimi naona alikuwa na hoja, kwa maana filamu ile ilionyesha jinsi watu walivyotendewa. Lakini swali la faragha halikuwa la uongo kwa sababu tu liliulizwa na wenye aibu. Lingali linatusubiri kila tunapoingia kwenye chumba cha mgonjwa.

Kwa Bibi hutapata saini, ila unaweza kupata mengi. Msalimie kila ufikapo, mwambie wewe ni nani hata kama ni mara ya mia. Mwonyeshe kamera kabla ya kuiwasha. Tazama mwili wake: akigeuza uso, akivuta shuka, akishika mkono wa Babu kwa nguvu, shusha lenzi. Muulize Babu na watoto alikuwa mtu wa namna gani. Je, alikuwa mwanamke wa kutoka nje nywele zikiwa hazijasukwa? Angeruhusu nini, yule wa miaka 50? Huyo naye ana haki katika filamu hii, na hana wa kumsemea isipokuwa ninyi.

Umeuliza kama ulisubiri vibaya. Nadhani ndiyo, ingawa si kwa wingi wa miezi. Kuna kukaa na mtu, na kuna kumvizia. Kwa nje vinafanana: wote wawili wametulia, wote wanangoja. Anayevizia ana picha ya anachokitaka, na kila kisichofanana nacho anakiona kama muda uliopotea. Ulikuwa unamngoja Babu mwingine atokee, yule wa nje ya kamera, na huyu aliyeketi mbele yako, mwenye kifungo cha juu kilichofungwa, ukamhesabu kama kizuizi. Lakini huyu naye ni wa kweli. Ni mwanamume wa miaka 78 anayelinda heshima ya nyumba yake mbele ya mgeni. Kwa nini anafunga kile kifungo? Nani alimfungia kabla Bibi hajaugua? Hizo saa 140 unazozilalamikia zimejaa majibu ambayo hujayauliza maswali yake.

Jambo moja la kazi hapa, maana nadhani umemfundisha hali hiyo mwenyewe bila kujua. Ukifika huwa unafanyaje? Najaribu kukuona: unazungumza naye kidogo, kisha unafungua begi, unasimamisha stendi, unamwambia, "Tayari, Babu?", taa nyekundu inawaka, wewe unanyamaza. Kila siku, kwa miezi 11, umemwonyesha kwamba kuna saa ya kuzungumza na saa ya kurekodiwa. Amejifunza vizuri sana. Jaribu kinyume chake. Ingia kamera ikiwa tayari mkononi na inawaka, naye akijua inawaka, na uendelee kuzungumza. Iweke juu ya kiti kile kile, chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, uiache. Kaa ubavuni mwake badala ya kumkabili. Siku zingine usiwashe kabisa, hata jambo zuri likitokea. Litakuuma. Lakini atajua kwamba humjii kwa ajili ya hilo begi.

Na usimhoji aliyezoea kusema kwa mikono. Seremala ukimwuliza anajisikiaje atakujibu tunamshukuru Mungu, kwa kuwa swali lenyewe halina pa kushika. Mwombe akuonyeshe. Katika barua yako kuna kitu umekipitia mbio kama vile hakina uzito: kwamba alijifunza kusuka nywele. Mwanamume aliyeshika randa na msumeno maisha yake yote amejifunza kugawa njia kichwani mwa mkewe. Umelirekodi hilo? Unasema alikusimulia kamera ikiwa imezimwa. Usimwombe arudie kusimulia. Muulize anamsuka siku gani, uombe ruhusa ya wote wawili, ukae. Acha mikono ifanye. Atasema mengi akiwa anatafuta kitana kuliko atakavyosema kwa kujibu swali. Na ikiwa Bibi siku hiyo hamjui anayemsuka, atamgeukia amwulize yeye ni nani, na utasikia Babu anajibuje. Nani ajuaye. Ila hayo yatakuwa yametokea mbele yenu nyote, mchana, na kila mmoja akijua wewe upo.

Kumrudishia mtu picha zake ni jambo la zamani katika kazi hii, ingawa wengi hulifanya mwishoni, kama zawadi. Katika miaka ya 1950 Jean Rouch, Mfaransa aliyefanya kazi kwa miaka mingi Niger, aliwaonyesha wavuvi wa Kisorko filamu aliyowarekodi wakiwinda kiboko mtoni. Alikuwa ameitia muziki wakati wa kuwinda ili kuongeza msisimko. Wao wakamwambia haiwezekani: mwindaji anahitaji kimya, kelele zile zingemkimbiza kiboko. Rouch akauondoa muziki. Tazama alichokipata kwa kuuliza. Katika chumba chake cha kuhariri hakuna ambaye angemwambia hilo. Mwonyeshe Babu dakika 20 mwezi huu, hata kama hazijakaa sawa. Atakuambia vitu ambavyo mhariri wako, kwa ustadi wake wote, hawezi kuvijua.

Kuhusu maiki, mpe swichi. Mfundishe ilipo, mwonyeshe taa ikiwaka maana yake nini, ajue kwamba kile kidude cha kiunoni hurusha sauti hata kamera ikiwa imezimwa na hata akiwa chumba kingine. Wengi wanaovalishwa hudhani kamera ikilala na maiki imelala. Awe anaizima mwenyewe aingiapo chumbani, na kazi ikiisha maiki iwe kitu cha kwanza kuvuliwa, kabla hujagusa waya wowote. Unaweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Julia Dahr, mwongozaji kutoka Norway, alimpa kamera mkulima wa Kenya, Kisilu Musya, akajirekodi mwenyewe na familia yake. Filamu yao, Thank You for the Rain, ilitoka 2017 baada ya miaka 5, na Kisilu ametajwa kama mwongozaji mwenza. Sisemi Babu ashike kamera; mikono yake ina kazi. Nasema mtu akiwa na swichi yake mwenyewe, anachokuachia usikie amekuachia.

Ukishazungumza naye, na kabla ya jibu lake, kaa na mhariri wako mfanye jambo moja. Waongozaji wa Honeyland hawakuijua lahaja ya Kituruki iliyozungumzwa na waliowarekodi. Walikuwa na zaidi ya saa 400 za picha, na walianza kuzihariri kwa kutazama bila kutegemea maneno. Zimeni sauti. Tazameni saa 10 za Babu bila sauti yoyote: anavyokunja nguo, anavyosimama mlangoni kabla ya kuingia, anavyopitisha mkono kwenye ukingo wa meza kama aliyezoea kupima ulaini wa mbao. Nina imani mtaona kwamba alichokisema chumbani mwili wake umekuwa ukikisema tangu mwezi wa pili. Ikiwa kipo, basi filamu yenu haikuwahi kuwa mateka wa zile dakika 6. Na ikiwa hakipo, afadhali mjue sasa, mwambiane ukweli kwamba bado hamjamwona.

Mfadhili mwandikie barua, usimpigie simu ukiwa na hofu. Usimweleze habari ya maiki, si yake. Mwambie umegundua filamu inahusu ndoa, unahitaji ridhaa mpya kutoka familia nzima, na kwamba unaomba muda fulani, utaje miezi, ueleze utakachorekodi katika miezi hiyo. Wafadhili wameyazoea haya kuliko tunavyodhani. Hoop Dreams ya 1994, kuhusu vijana wawili wa Chicago na mpira wa kikapu, ilikusudiwa kuwa filamu fupi ya dakika 30. Waliorekodi walikaa nao takriban miaka 5, wakatoka na saa 250 za picha na filamu inayokaribia saa 3. Najua si kila mfadhili atakubali, na huenda wako akakataa. Akikataa, mpe nakala ya awali isiyo na sauti ile, na mahali pake pawe patupu. Usiijaze kwa muda "mpaka tutakapopata ruhusa". Vitu vya muda vina tabia ya kubaki.

Rafiki yako mpiga picha, yule wa "atalia tu", usimfuate tena katika hilo. Na Babu unamdai radhi ya pili kwa swali lile la mtoto. Alikuomba yeye radhi, mwanangu, kwa kushindwa kulia. Hilo nalo ulitaje siku utakayokwenda.

Nenda kabla ya wiki kuisha. Kila ziara unayofanya ukiwa umenyamaza inamwongezea jambo la kukusamehe. Na ukiwa huko, angalia kitu ambacho barua yako haikuniambia: asubuhi, kabla Babu hajaamka, au akiwa ameamka na amechoka, Bibi hupenda kukaa wapi? Kama hujui, kakae naye hapo.